Jino la Tano

Meno yangu manne ya mbele hayakutolewa na risasi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikitaja kwamba niling'oka meno wakati wa vita, mtu hunitazama kwa heshima, na mimi nimechoka kupewa heshima isiyo yangu. Yalitolewa na chukudu iliyobeba kabichi.

Ilikuwa Butembo, majuma machache kabla ya Noeli, katikati ya ile vita ya pili. Nilikuwa natoka shuleni, nateremka kuelekea sokoni kumnunulia mama chumvi, lori moja likapasuka tairi. Miaka ile masikio yetu yalikuwa yamekwisha haribika: kila mlio ulikuwa bunduki mpaka mtu athibitishe kwamba si bunduki. Watu wakatawanyika. Mwanamume mmoja alikuwa anashuka na chukudu, ile ya kwetu ya mbao yenye magurudumu mawili, imejaa kabichi mpaka juu. Alijitupa mtaroni na kuiacha iteremke peke yake, na mpini wake ukanikuta mdomoni. Nilipoinua uso, habari ya tairi ilikuwa imeshaenea na watu walikuwa wanacheka. Hawakunicheka mimi. Walicheka kwa sababu hakuna aliyekufa. Lakini mimi nilikuwa nimepiga magoti kati ya kabichi natema meno, na nilitamani angalau mmoja wao anyamaze.

Mawili yalitoka palepale. Mawili yalikatikia kwenye ufizi, na mizizi yake ikaondolewa siku mbili baadaye kwenye kituo cha afya. Nikabaki na shimo refu juu, kutoka jino la chonge la kulia mpaka chonge la kushoto.

Na sikuwa na ruhusa ya kulalamika. Hilo ndilo lililonichoma kuliko maumivu. Juma lilelile nyumba ya nyuma yetu walikuwa na msiba wa kijana wao aliyeuawa njiani akitokea Kasugho. Nilikwenda kukaa nao, nimejiziba mdomo kwa kitambaa, na mama akaninong'oneza nikiondoe watu wasije wakadhani nashindana nao kwa huzuni. Nikakiondoa. Nani atalilia meno mbele ya watu wanaolilia mtu? Nilikunja midomo, nikatazama chini, na tangu siku ile nikajifunza kucheka kwa pua.

Mama mwenyewe hakuona shida iko wapi. Alikuwa amebakiwa na meno matatu, na kwa matatu hayo alikuwa anakula kila kitu isipokuwa mahindi ya kuchoma. Kila nilipougua mbele ya kioo alinikumbusha kwamba nakula na nasema, sasa nataka nini tena. Nilimjibu vibaya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nilichokuwa nataka ni darasa langu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwaka wa tisa. Sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa na darasa la kwanza, na sikuwa nasikitika. Walimu wenzangu walilikimbia darasa hilo kwa sababu ya makamasi na vilio, mimi nililipigania kila Septemba. Kuna siku, kila mwaka, mtoto anayekuimbia silabi kama kasuku anatazama ubao na kunyamaza, halafu anasoma neno zima, na anageuka kukutazama kama wewe ndiye uliyelificha neno hilo siku zote. Nilikuwa naishi kwa ajili ya siku hiyo.

Sasa, watu wanadhani mtoto wa darasa la kwanza anasoma ubao. Hasomi ubao. Anasoma mdomo wa mwalimu. Ndivyo nilivyofundishwa kufundisha na ndivyo nilivyofanya: unatembea kati ya madawati, unapanua mdomo, unatamka, unarudia, na watoto wanakuangalia midomo na meno na ulimi na kuiga. Jaribu kutamka fa bila meno ya juu. Jaribu va. Utapuliza tu. Na sa inapita pale penye shimo ikipiga mluzi.

Watoto hawakuniona wa ajabu. Nusu yao walikuwa na mapengo yao wenyewe, umri ule ndio meno ya utoto yanaanguka, na nadhani walinipokea kama mmoja wao aliyechelewa kidogo. Msichana mmoja wa dawati la kwanza alinivuta sketi wakati wa mapumziko.

"Madame, hapana lia," aliniambia. "Yangu ilianguka na iko nakuya. Yako pia itaota tu."

Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya vyoo nikalia kweli.

Baada ya Noeli directeur wetu, mkuu wa shule, alikuja kukaa darasani, kama alivyofanya kila muhula. Alimwinua mtoto mwenye meno yote, safi, akamwambia asome mstari wa f. Mtoto akavuta mdomo wa juu ukafunika meno yake yote, kama wangu, akapuliza. Directeur akamwinua mwingine. Naye akafunika meno akapuliza. Wa tatu vilevile. Watoto zaidi ya hamsini niliokuwa nimewafundisha kwa bidii kusoma kama watu wasio na meno. Directeur hakucheka, na ningependelea acheke.

Ofisini alinipa kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo pia linanikera, kwa sababu mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Alinieleza kwamba wazazi wameanza kuuliza. Shule ilikuwa inaishi kwa michango yao, na madarasa mengine yote yalikuwa na walimu.

"Madame, miye sina mubaya na weye," alisema. "Lakini batoto banasoma sawa vile weye unasemaka. Nakupatia mpaka kisha vacances ya Pasaka. Kama hatujapata solution, darasa itachukuliwa na mwingine."

Likizo ikiisha, asiye na darasa angekwenda nyumbani bila kazi, tulijua wote wawili, hakuna haja ya kulisema.

Mganga wa meno tuliyekuwa naye mjini alifanya kazi katika chumba chembamba nyuma ya zahanati, na mashine ya kutoboa aliyoizungusha kwa mguu kama cherehani. Alinikalisha, akanichungulia, akaanza kunipangia njia zilizopo, na alizipanga kwa raha ya mtu anayesimulia vyakula vya nchi za mbali. Ya kwanza ilikuwa skrubu. Wanakutoboa mfupa wa taya, wanakaza chuma, wanangoja mfupa ukishike, halafu wanafunga jino juu yake. Alimjua mfanyabiashara mmoja wa kwetu aliyefanyiwa hivyo katika safari zake za kuagiza bidhaa ng'ambo. Nikamwuliza kama kwetu inawezekana, akacheka. Ya pili ni daraja: yale machonge yangu mawili yangepunguzwa kwa kusagwa, halafu kitu kizima chenye meno sita kingegandishwa juu yake, hakitoki tena. Hiyo ilifanyika Kampala. Mpaka ulikuwa unafunguliwa na kufungwa kila mtu mwenye bunduki alipoamka vibaya. Nilimwambia aendelee.

Ya tatu ilikuwa dentier, kibao chembamba cha plastiki ya waridi kinachokaa juu kwenye kaakaa, kimeoteshwa meno manne mbele na kina ndoano za waya za kushika meno ya pembeni. Unakitoa usiku, unakisafisha, unakirudisha. Fundi wake alikuwa mjini Beni. Ya nne hakuitaja yeye, niliijua mwenyewe: jamaa wa sokoni aliyekuwa anafunga jino la kuchonga kwa uzi wa nailoni, na baada ya mwezi jino la jirani nalo linalegea.

Nikachagua Beni. Ilikuwa karibu, nusu siku kwa lori njia ikiwa nzima. Mganga alikoroga unga kwa maji, akaujaza kwenye kijiko kipana cha chuma na kunisukumia mdomoni mpaka nikataka kutapika. Kutokana na kipimo hicho alimimina plasta, na kesho yake akanionyesha mdomo wangu mweupe umekaa mezani, na shimo lake katikati. Tuliufunga kwa pamba ndani ya kopo la maziwa ya unga. Juu yake akaweka karatasi aliyochora meno yote na kuandika namba za yale manne yasiyokuwapo: 12, 11, 21, 22. Ndivyo waganga wa meno wanavyoyaita, kwa namba.

Kopo alilichukua jirani yetu wa mtaa wa Vulamba, mama aliyekuwa anapita Beni kwenda Oicha kutafuta mawese. Mtu mwaminifu. Alilifunga ndani ya kitenge chake mbele yangu.

Halafu nikangoja. Juma la kwanza njia ilifungwa. La pili ilifunguliwa, lakini fundi alikuwa anaumwa malaria. La tatu ilisemekana kazi imeanza. La nne hakuna aliyesema lolote, na la tano njia ilifungwa tena. Wakati huo wote nilifundisha kwa rula: naonyesha herufi, nanyamaza, na kumwomba mtoto wa dawati la nyuma aliyejua kusoma kutoka kwao atamke badala yangu. Nilijiona mjinga kupita kiasi. Mtu akiniuliza hali nasema salama, kwa sababu kulikuwa na vita na mimi nilikuwa hai.

Jirani alirudi na kopo siku chache kabla ya Pasaka. Nilikwenda kwa mganga mbio. Meno yalikuwa mazuri, nasema kweli, meupe na ya ukubwa wa kibinadamu, si yale ya farasi niliyoyaogopa. Mganga akayaosha, akayaingiza, akasukuma. Hayakuingia. Akasukuma kwa kidole gumba. Akayatoa, akapiga tupa kidogo pembeni, akasukuma tena mpaka machozi yakanitoka. Akasema ufizi wangu umevimba. Akasema natia ulimi njiani. Akasema wanawake wana mdomo mgumu. Nilipoyatoa kwa hasira na kuyashika mkononi, nikafanya kazi ninayoifanya kila asubuhi na watoto wangu: nikaweka kidole juu ya kila moja na kuhesabu.

Yalikuwa matano.

Mganga alihesabu pia. Akafungua daftari lake, akakuta manne, akahesabu tena. Kisha akatoa hukumu kwamba watu wa Beni ndivyo walivyo. Alitaka kuyarudisha kwa mkono wa jirani, nami nikamjibu kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Likizo ilikuwa imeanza. Jumatano baada ya Pasaka nilipanda lori la maharage, nikaenda mwenyewe.

Kwenye kizuizi cha barabarani baada ya Kabasha askari aliniuliza kopo lina nini. Nilichoka hata kueleza. Nilifungua kopo, kisha nikafungua mdomo. Alinipungia mkono nipite.

Fundi wa Beni alikuwa mzee mwembamba, msafi, mwenye aproni iliyopigwa pasi. Karakana yake ilikuwa chumba cha uani kinachonuka plastiki iliyoungua, na rafu nzima ya midomo ya plasta iliyopangwa kama mikate. Aliposikia malalamiko yangu hakubisha wala hakuomba msamaha. Alikwenda kwenye rafu, akashusha mdomo wangu, akauweka mbele yangu.

Chonge la kushoto halikuwapo. Lilikuwa limekatika kwenye shina. Na katikati ya kaakaa kulikuwa na shimo lililochimbwa, linaloingia kidole, pembeni yake kuna mkwaruzo mrefu wa kisu.

"Karatasi haikufikaka, mama," fundi alisema. "Platre tu ndiyo ilifika. Nikaona meno tano hakuna, nikatengeneza tano. Ile shimo nilifikiri ni muganga wenu aliangusha."

Nilijua palepale kwamba lilivunjwa njiani, ingawa habari kamili niliipata baadaye nilipombana jirani. Kwenye kizuizi kilekile askari alilitikisa kopo, akaona ni zito. Watu wa machimbo walikuwa wanapitisha dhahabu ndani ya mkate, ndani ya sabuni, ndani ya chochote, kwa hiyo kwake yeye mdomo wa plasta ulikuwa ujanja mpya. Alichimba kaakaa kwa kisu. Alipokosa, akavunja jino moja lililokuwa nene kuliko mengine, atazame ndani. Plasta tupu. Karatasi yenye namba aliipeleka kwa mkubwa wake, kwa sababu 12, 11, 21, 22 zilifanana mno na namba zinazosomwa kwenye redio za mawasiliano. Jirani alisubiri nusu saa juani akijua atafungwa. Walipomwachia alishukuru Mungu, akatupa kile kipande kilichovunjika, akaendelea na safari. Hakuniambia kwa sababu hakuona la kuniambia. "Ilikuwa jino ya platre tu," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeonewa.

Nilimwambia fundi aondoe jino la tano, alisage, basi. Alinigeuzia kibao na kunionyesha kwa ncha ya penseli. Ndoano ya kushoto ilikuwa imezikwa ndani ya plastiki mahali palepale, nyuma ya jino la tano. Akisaga hapo, ndoano haina pa kushika, na kibao kitakatika vipande viwili mdomoni mwangu nikiwa nakula ndizi. Basi atengeneze kingine. Alinyanyua kopo la ile plastiki ya unga akaligonga mezani chini juu. Halikutoa hata vumbi. Mletaji wake alikuwa amekwama upande wa pili wa mpaka tangu Kwaresima, na hakuna aliyejua atapita lini. Labda mwezi wa sita.

Nikamwambia kwamba shule inafunguliwa Jumatatu. Nikamweleza darasa lote, f na v na directeur, nikasikia sauti yangu inapanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivutia kiti kando ya dirisha, akachukua kioo chake kidogo, akaligonga chonge langu la kushoto kwa mpini wake. Akaligonga tena.

"Kuko njia moja," alisema. "Tukitosha hii jino, dentier inaingia leo leo."

Kutosha, kwa kwetu, ni kung'oa. Nikamwuliza kama lina ugonjwa. Kama ameona doa, ufa, chochote.

"Hapana, mama. Iko muzima. Muzima kabisa. Ndiyo iko na nguvu kupita yote ya mudomo yako. Siwezi kukudanganya."

Nilitoka nje. Nilitembea mpaka rond-point, penye mzunguko wa barabara, nikarudi, nikatembea tena, nikapita mbele ya duka moja la vitambaa mara tatu mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepotea. Hasira niliyokuwa nayo ilikosa mtu wa kumwangukia. Fundi alikuwa amefuata plasta. Mganga alikuwa ameandika sawasawa. Jirani alikuwa ameogopa, nani asingeogopa? Hata yule askari, nikijilazimisha, alikuwa ametafuta dhahabu mahali ambapo wengine waliificha. Hakuna aliyekuwa na kosa la kutosha kubeba jino langu. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake kidogo, na mwisho wake ni kwamba plasta ilivunjwa barabarani, na sasa mdomo wa mtu uvunjwe ulingane na plasta. Askari ambaye hakuwahi kuniona alikuwa ameamua nitoe jino lipi, na alikuwa amelitoa tayari, tangu mwezi wa pili. Mimi nilikuwa nimechelewa tu kupata habari.

Nilifikiria Jumatatu. Nilifikiria mwalimu mwingine anatembea kati ya madawati yangu. Nikarudi karakanani, nikakaa kwenye kiti.

"Tosha," nikamwambia.

Siku hizo fundi alikuwa pia mganga, watu walifanya kila walichoweza. Alinidunga sindano mbili za ganzi. Jino halikutaka. Mzizi wa chonge ni mrefu, na alilazimika kuweka goti kwenye mkono wa kiti na kupumzika mara mbili. Mara ya pili alijifuta jasho akaniomba nisimtazame. Lilipotoka lilikuwa refu kuliko nilivyodhani jino linaweza kuwa, jeupe, halina hata alama. Aliliweka kwenye bakuli upesi na kulifunika kwa pamba. Akaniosha mdomo, akaingiza kibao, na safari hii kiliingia bila kusukumwa, kikakaa kwa mlio mdogo. Akanikatalia kukitoa kwa siku mbili, akasema kitakandamiza kidonda. Nilimshukuru.

Nyumbani niligundua ambalo hakuna aliyeniambia: meno ya kuvaa hayasemi yenyewe. Ulimi wangu uligonga kibao kila mahali. Ijumaa nilisema kama mlevi. Nilikaa jikoni na kitabu cha silabi, nikasoma fa fe fi fo fu huku mate yenye damu yakinijaa, na mama ananichambulia maharage kando na kusikiliza. Nilikuwa nimemsimulia yote nilipofika, na nilitarajia masihara yake ya kawaida, kwamba yeye anaishi na matatu. Jumamosi alasiri aliweka ungo chini.

"Ulikubali?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Yangu mimi ilitoka sababu ilikuwa imeoza," alisema. "Yako ilikuwa muzima." Akanyanyuka akaenda kuketi nje, mgongo kwangu, na alikaa huko mpaka jua likapungua. Nilibaki na kitabu changu. Sikuwa na nafasi ya kumfuata, nilikuwa bado sijaipata va.

Jumapili baada ya misa niliipata. Nilirudia mpaka taya likafa ganzi lenyewe.

Jumatatu directeur alikuja na kiti chake akakaa nyuma. Watoto walisimama, wakaimba salamu, wakakaa, wakanitazama mdomo. Nilitembea kati ya madawati. Nikaweka meno juu ya mdomo wa chini, polepole, ili kila mtu aone, nikasema fa. Wakapuliza, kama walivyozoea. Nikarudia. Nikainama kwa yule msichana wa dawati la kwanza, nikamwonyesha tena, na nikaona mdomo wake wa juu unapanda, meno yake mapya yaliyoota nusu yanatafuta mahali pa kukaa, na f ikatoka, f yenyewe, yenye upepo wake mwembamba. Jirani yake akamtazama yeye badala yangu. Ikaenda hivyo dawati kwa dawati mpaka ukuta wa nyuma. Kufika fu darasa zima lilikuwa linasoma.

Directeur alisimama, akaja mbele, akanipa mkono mbele ya watoto.

"Félicitations, Madame. Sasa iko muzuri. Darasa ni yako."

Nikasema aksanti. Haikunitosha, nikasema kwa Kinande, wasingya, nikapiga na goti kidogo kama mtoto aliyepewa daftari jipya. Kidonda kilikuwa bado kinanivuja chini ya plastiki, naonja damu kila nikimeza, na nilikuwa nashukuru. Wala sikuwa naigiza. Nilifurahi kwa moyo wote, asubuhi nzima, nikafundisha v na s mpaka kengele ikalia, na nilipokuwa nafuta ubao niligundua kwamba naimba. Askari, mganga, fundi na jirani nilishawasamehe zamani, mmoja mmoja. Ile furaha ndiyo sijajua mpaka leo nimsamehe nani kwa ajili yake.